Final Fantasy: uanze na VI, VII, IX, X au XII?

Mashabiki wa Final Fantasy, mfululizo wa gemu za video za Kijapani unaohesabiwa kwa namba za Kirumi, hawajawahi kukubaliana ni ipi iliyo bora, na hawatakubaliana. Waliokulia kwenye Super Nintendo watakwambia ni VI, mjadala umefungwa. Wa PlayStation ya kwanza wataapa kwa VII, wachache wakaidi watainua VIII, na wale ambao ujana wao ulipita kwenye PlayStation 2 watakuja juu na X. Ukichunguza, kila mmoja anaitetea gemu aliyoicheza akiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Hilo halimsaidii mtu anayetaka kuanza leo, ana pesa ya kununua moja tu, na hana kumbukumbu yoyote ya utotoni ya kuitetea.

Tena ubishi wenyewe huwa ni wa hadithi: nani alikufa, nani mwovu zaidi, nani alimpenda nani. Nimeona wengi wakianza gemu hizi na kuziacha njiani, na sijamwona aliyeacha kwa sababu ya hadithi. Wanaacha kwa sababu ya mapigano. Gemu ya saa arobaini inakuweka saa nyingi mno kwenye kupigana na kwenye menyu, na kama sehemu hiyo inakuchosha, machozi ya mwishoni hutayafikia. Kwa hiyo nitaanzia kwenye mapigano, hadithi itafuata.

Kwanza niondoe hofu ya namba. Huhitaji kucheza I ili uelewe VI. Tangu mtunzi Hironobu Sakaguchi na wenzake wa kampuni ya Square watoe ya kwanza mwaka 1987, kila namba ni dunia mpya yenye watu wapya. Vinavyojirudia ni vionjo tu: ndege chokobo wa kupanda, viumbe mogu, mtu anayeitwa Cid ambaye mara nyingi ana chombo cha kuruka, na majina ya uchawi. Ukikuta hadithi inaendelezwa, jina lenyewe litakwambia, kama X-2, ambayo huwezi kuigusa kabla ya X.

Nimechagua tano. XI na XIV ni za kucheza mtandaoni na watu wengine, hizo ni ndoa, si gemu ya wikendi. XIII inakupitisha kwenye ujia mwembamba kwa saa nyingi kabla haijakuachia uwanja. XV na XVI ni za kupiga na kukwepa papo kwa papo. XVI, ya mwaka 2023, inakukabidhi mtu mmoja tu, Clive, na kama unapenda gemu za vitendo unaweza kuifurahia bila kujua kwa nini watu waliipenda Final Fantasy ya zamani. VIII nitaigusa kidogo kwa sababu haikwepeki.

Mapigano

VI, VII na IX zinatumia mtindo mmoja, ule uliobuniwa na Hiroyuki Ito kwa ajili ya IV ya mwaka 1991. Kila mhusika ana mstari unaojaa taratibu. Ukijaa, unampa amri. Adui naye mstari wake unajaa, na hakungojei umalize kusoma menyu. Kuna mpangilio wa kumfanya asubiri, na mgeni auwashe bila aibu.

Mtindo ni mmoja, ladha ni tofauti kabisa. VI, ya mwaka 1994, ndiyo nyepesi kuliko zote. Pambano linafunguka mara moja, linakwisha kwa sekunde chache, unaendelea na safari. Kila mtu ana ujanja wake: Edgar ana sanduku la vifaa, Setzer anacheza kamari, na Sabin mpiganaji wa mikono unambonyezea mishale kwa mpangilio maalumu kama kwenye gemu za ngumi. Mapema kabisa utapigana na treni ya mizimu, treni nzima, inayokukimbiza nyuma. Sabin anaweza kuibeba na kuibwaga chini kichwa-chini. Na kwa kuwa treni hiyo ni maiti hai, ukiitupia ile dawa ya kufufua wafu, inakufa hapo hapo. Gemu haikwambii. Inakuachia ufikiri, kisha inakulipa.

VII, ya mwaka 1997, inapunguza kikosi kutoka wanne hadi watatu na kuongeza maonyesho: kamera inazunguka, majitu unayoyaita yakusaidie yanashuka kutoka angani. Mara ya kwanza utashangaa. Mara ya ishirini utatamani kitufe cha kuruka. Matoleo ya kisasa yana uwezo wa kuharakisha mara tatu, na bila huo nisingeipendekeza kwa mtu mwenye kazi na familia.

IX, ya mwaka 2000, inarudisha wanne, na hapo ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo. Ni nzito. Kwenye PlayStation ya asili kamera inatembea uwanjani kwanza ikionyesha mandhari, ndipo unaruhusiwa kufanya chochote, na baada ya hapo amri zinapanga foleni: unamwambia Garnet amponye mwenzake, halafu vitu vitatu vinatokea kabla hajainua fimbo, na mgonjwa ameshakufa. Wazoefu wana ujanja wao. Uchawi wa Regen, unaorudisha uhai kidogo kidogo, haupumziki wakati maonyesho yakiendelea, kwa hiyo mwito mrefu wa jitu unaweza kujaza uhai wa kikosi kizima. Kasoro ya mwendo ikageuka kuwa tiba.

X, ya mwaka 2001, ilitupa mistari yote hiyo. Toshiro Tsuchida, aliyesimamia mapigano, akaweka zamu za wazi. Pembeni ya skrini kuna orodha ya sura: nani anafuata, nani baada yake, adui ameingia wapi. Hakuna kinachosogea mpaka uamue. Ukisimama juu ya amri nzito, unaona sura yako ikishuka kwenye orodha kabla hujathibitisha. Na unaweza kumtoa mtu na kumwingiza mwingine katikati ya pambano bila kupoteza zamu. Hilo ndilo linalofanya hata mapigano madogo ya njiani yawe na maana: mbwa mwitu wepesi ni wa Tidus, ndege ni wa Wakka na mpira wake, wenye magamba magumu ni wa Auron, yale mauteute yasiyosikia upanga ni ya Lulu na uchawi wake. Saa mbili za mwanzo zinakufundisha hayo bila kukupa somo.

Halafu inakutia mtihani. Karibu na mwisho wa safari kuna Yunalesca, ambaye anawapaka wenzako laana ya uzombi, ile inayofanya tiba iwaumize badala ya kuwaponya. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataiondoa haraka. Kisha anageuka umbo la tatu na kulifungua kwa pigo la mauti kwa kikosi chote, na wanaobaki wamesimama ni wale tu uliowaacha na laana. Kwenye PlayStation 2 ukishindwa hapo unarudia mazungumzo marefu yasiyorukika, na kuna watu wanayajua kwa moyo mpaka leo. Ni ukatili, ila ni ukatili wenye mantiki: unaposhindwa unajua kwa nini.

XII, ya mwaka 2006, ni mnyama mwingine. Maadui unawaona wakitembea nyikani, unapigana hapo hapo, na wenzako wanafuata masharti uliyowaandikia. Mstari mmoja unasema: rafiki akishuka chini ya nusu ya uhai, mponye. Wa pili: adui anayeruka, mpige kwa uchawi. Wa tatu: adui anayepigwa na kiongozi, nawe mpige huyo huyo. Gemu inayasoma kutoka juu kwenda chini na kutekeleza la kwanza linalowezekana. Ukiyapanga vizuri unaweza kuweka padi mezani ukanywa chai. Wapo wanaosema basi gemu inajicheza yenyewe. Mimi naona kuipanga ndiko kuicheza. Lakini kama wewe ni wa kupenda kubonyeza, itakukera.

Kukuza wahusika

Hapa mashabiki hubishana kidogo kuliko inavyostahili, maana ndipo tofauti zinapoonekana wazi baada ya saa ishirini.

VII ina materia, vijiwe vya rangi unavyovipachika kwenye silaha na vazi. Uzuri uko kwenye matundu yaliyounganishwa. Kijiwe cha Restore peke yake kinamponya mtu mmoja. Kiunganishe na All, kinaponya kikosi. Kijiwe cha Fire ukikiunganisha na Elemental kwenye upanga, upanga unapiga kwa moto. Hamishia jozi hiyo hiyo kwenye vazi, sasa moto unakuumiza kidogo. Mtoto anaielewa kwa dakika tano na mtu mzima anaweza kuichezea mwezi. Bei yake ni kwamba watu wanakuwa mifuko ya kubebea vijiwe. Mvue Tifa materia zake umpe Cid, sasa Cid ndiye Tifa, isipokuwa mapigo ya hasira, yale maalumu ya kila mmoja.

VI ina ugonjwa huo huo kwa dawa nyingine. Nafsi za viumbe wanaoitwa espa zinamfundisha uchawi yeyote anayezibeba, na kati ya wahusika 14, kufikia mwisho wengi watakuwa wanapiga uchawi mkubwa ule ule.

IX ilikataa hayo. Vivi ni mchawi, Steiner ni askari, Freya anaruka na mkuki, basi, hawabadilishani kazi. Ujuzi unatoka kwenye vifaa: ukivaa kofia fulani unapata uwezo wake, na ukiivaa muda wa kutosha uwezo unakuwa wako wa kudumu. Duka linalofuata lina upanga wenye nguvu zaidi, lakini wa zamani bado hujaumaliza. Unabaki na wa zamani kwa mapigano mengine kumi, au unauza? Kila mji unakuja na mtihani huo. Na ukimweka Vivi karibu na Steiner, upanga wa askari unawaka uchawi wa kijana. Kikosi unakipanga kwa kujua nani anaelewana na nani.

X inakupa ubao mkubwa wa njia, kila mtu akianzia kona yake, ukisogea hatua kwa hatua kuchukua nguvu au uchawi. Mtu akipata zamu moja tu pambanoni anapata sehemu yake, ndiyo maana ule ubadilishanaji una faida mara mbili. Wanaanza tofauti, na mwishoni kabisa, ukisaga saa nyingi, wanafanana. Mchezaji wa kawaida hafiki huko. XII katika toleo la Zodiac Age la mwaka 2017 inakupa kazi 12, kila mtu achague mbili. Toleo hilo ndilo la kununua. La zamani lilikuwa na masanduku manne ambayo ukiyafungua unaikosa silaha moja kali, na hakuna aliyekuonya.

VIII? Unanyonya uchawi kutoka kwa maadui, unaulimbikiza mpaka vipande mia, unaufunga kwenye nguvu zako, kisha hutaki kuutumia maana ukiutumia unadhoofika. Maadui nao wanapanda levo pamoja nawe. Kuna wanaoiabudu. Mchezo wake wa kadi, hata hivyo, ni bora kuliko gemu nyingi kamili.

Hadithi

VI haina mhusika mkuu mmoja, na nusu yake ya pili ni ya kipekee: dunia inapinduka, kikosi kinatawanyika, na wewe unaamua uwatafute wenzako kwa mpangilio gani au usiwatafute kabisa. Unaweza kwenda kumkabili Kefka ukiwa na watu watatu tu, Celes, Edgar na Setzer. Kefka mwenyewe ni mwovu asiye na kisa cha kusikitisha wala hoja. Anatia sumu mto wa ngome ya Doma na kucheka. Baada ya hapo, safari ya Cyan aliyepoteza mke na mtoto mle ngomeni haihitaji maneno mengi, na gemu haimwongezei.

VII inaanza kwa kulipua mtambo wa umeme. Kampuni ya Shinra inanyonya uhai wa sayari na kuugeuza umeme, matajiri wanaishi juu ya bamba la chuma na maskini chini yake wasikoona jua. Saa za mwanzo ndani ya jiji la Midgar ni miongoni mwa fungua-dimba bora nilizowahi kucheza. Ukitoka nje hadithi inalegea, inarudi kushika pale kumbukumbu za Cloud, mhusika mkuu, zinapoanza kutiliwa shaka. Tatizo ni moja: tukio lake kubwa unalijua tayari hata kama hujawahi kushika padi. Mtandao umeshakuharibia.

IX ina utani mwingi mwanzoni. Kundi la waigizaji wezi linakuja Alexandria kumteka binti mfalme, na binti mfalme anawaomba wamteke. Steiner anakimbia huku na huko chuma kikilia. Kisha taratibu unagundua kwamba gemu nzima inauliza swali la Vivi, kijana mchawi anayegundua kwamba wenziwe wa aina yake wanaishi muda mfupi sana, na hajui yeye amebakiwa na kiasi gani. Wachawi hao wanapokuwa kijijini kwao wakijaribu kuelewa kwa nini mwenzao hasogei tena, hakuna anayelia kwa sauti. Sakaguchi amesema mara kadhaa kwamba IX ndiyo iliyo karibu zaidi na alichotaka mfululizo huu uwe. Adui mkuu wa mwisho kabisa anatokea hewani bila kutajwa kabla, na mashabiki wake wanalimeza hilo kimyakimya.

X ni hija. Yuna anasafiri kutoka kisiwa cha Besaid, hekalu kwa hekalu, kuomba nguvu za kuliangamiza dubwana Sin linaloibuka baharini na kufuta vijiji. Spira ni dunia ya visiwa na bandari, na waliotengeneza walichota mandhari yake Asia ya kusini mashariki na Okinawa. Msomaji wa pwani ataisoma haraka: boti zinazobeba abiria na habari, vijiji vya miti juu ya maji. Mapema kuna tukio la Kilika. Sin imepita, gati limevunjika, majeneza yanaelea, na Yuna anatembea juu ya maji akicheza ngoma ya kuwaaga wafu huku kijiji kikitazama. Kuanzia hapo unaelewa kwa nini watu hawa wanashika dini yao kwa nguvu, na ndipo gemu inapoanza kuuliza kama dini hiyo inawaambia kweli. Kicheko cha kulazimisha cha Tidus, mhusika mkuu, utakutana nacho; watu wanakidhihaki bila kujua kwamba kiliandikwa kiwe kibaya.

XII ni ya siasa: ufalme mdogo wa Dalmasca katikati ya madola mawili, binti mfalme Ashe anayetamani kisasi. Imeandikwa kwa ukomavu. Yasumi Matsuno aliyeianzisha aliondoka kabla haijakamilika, na theluthi ya mwisho inahisi hivyo. Unatembea nyika nyingi hadithi ikiwa imelala.

Lugha, vifaa, pesa

Hakuna hata moja yenye Kiswahili. Ukisoma Kiingereza polepole, VI, VII na IX zinakufaa zaidi kwa sababu maandishi kwa kawaida yanakungoja ubonyeze. X ndiyo ya kwanza kuwa na sauti, na kwenye matukio maandishi yanakwenda na sauti hiyo. XII ina Kiingereza cha kizamani cha makasri, kitamu ila kigumu. Kiingereza cha VII ya 1997 kina makosa ya wazi hapa na pale. Wasomaji wa Lubumbashi au Bujumbura wanaopendelea Kifaransa, zote tano zinacho katika matoleo ya sasa.

Kama una simu tu, X na XII huna, hazina toleo la simu. Zilizobaki zipo kwenye Android na iPhone, na kati yake mimi ningenunua IX: imesafishwa sura za wahusika, ina kitufe cha kuharakisha kinachotibu ule uzito wake, na ujuzi wa kusubiri unaohitaji ni ule ule wa foleni ya daladala. Andaa nafasi ya kutosha kwenye simu na uipakue kwa waifai. VI chukua toleo lake jipya liitwalo Pixel Remaster.

Kama una kompyuta ya wastani, PS4 au Switch, anza na X. Haikudai uijue gemu nyingine, mapigano yake yanajieleza, na inauzwa pamoja na X-2 katika kifurushi kimoja. Usidanganyike na michezo yake ya pembeni, kukwepa radi mara 200 mfululizo ni kazi ya wenye viapo, hadithi haikudai. Ukiimaliza ukajikuta ulipenda kupanga kuliko kulia, nenda XII. Ukipenda kulia, IX.

Kuhusu Remake ya mwaka 2020 na Rebirth ya 2024, gemu mpya zinazoisimulia VII upya: ni nzuri sana na zinadanganya kwa jina. Remake inaishia Midgar tu, na inacheza na matarajio ya mtu aliyeicheza ya zamani. Kuna viumbe vinavyozuia mambo yasibadilike, na ambaye hajui yalikuwaje hataelewa wanazuia nini. Cheza VII ya 1997 kwanza, ni saa kama 35 kwa kasi ya kawaida, pungufu ukiharakisha mara tatu. Zote hizi hushushwa bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni, kwa hiyo weka ile unayoitaka kwenye orodha na usilipe bei kamili labda kama mwisho wa mwezi umekuja na nyongeza.